Kivinjari Kimestaafu, Daftari Lako Limebaki Ndani

Zunguka ofisi na maduka ya Mbezi Luis, kuanzia fremu za vifurushi karibu na Stendi ya Magufuli hadi shule za kulipia za njia ya Makabe na Malamba Mawili, na hutakosa kukuta kompyuta moja ambayo hairuhusiwi kuguswa. Wenyewe wanaiita "ile ya mfumo". Haisasishwi, haizimwi ovyo, na mgeni haruhusiwi kuichomekea flashi. Ukiuliza kulikoni, utajibiwa kwamba mfumo wa ada, wa hisa za SACCOS au wa dawa unafunguka kwenye mashine hiyo tu, tena kwa kubonyeza ile "e" ya buluu, na kijana aliyeutengeneza alishahamia Dodoma, simu yake haipokelewi.

Ninaandika kwa ajili ya mwenye kompyuta hiyo. Sina la kumtisha, maana ameshajitisha mwenyewe kila umeme unapokatika. Nina jambo moja la kumwambia: cha kuokoa kwanza ni taarifa zilizomo ndani, kisha kazi inayofanywa kwa taarifa hizo, na programu ije mwisho. Wengi huanzia mwisho. Wanamtafuta fundi, wanamwambia "nitengenezee kama huuhuu", wanatoa malipo ya awali, halafu miezi inapita huku madeni ya wazazi au akiba za wanachama zikiwa bado zimefungiwa mahali pasipofunguka.

Mfumo unaotumika kwenye kivinjari haujisimamii wenyewe. Chini yake kuna kivinjari, na mara nyingi chini au pembeni ya kivinjari kuna programu-jalizi ya kampuni fulani. Ikiondoka hiyo, mfumo unabaki mzima lakini hauna pa kufunguka. Sisi wa huku tuliona kitu cha namna hiyo Februari 2021, stendi ya mabasi ya mikoani ilipohamishwa kutoka Ubungo kuja Mbezi Luis: mtu wa Ubungo aliyekuwa na meza nzuri, wateja wa kudumu na ujuzi wa miaka aliamka akakuta vyote anavyo, ila abiria wamelifuata basi.

Kwenye vivinjari uhamisho wa aina hiyo umetokea mara nyingi ndani ya miaka kumi. Chrome iliacha kuendesha programu ndogo za Java mwaka 2015, Firefox ikafuata Machi 2017, na mwaka 2018 Java 11 ikatoka bila sehemu ya kufungukia kwenye kivinjari kabisa. Agosti 2016 Google ilitangaza kwamba itazistaafisha programu za Chrome zilizokuwa zikisakinishwa kwenye kompyuta kutoka dukani kwake. Programu-jalizi ya Flash ilitangaziwa kifo Julai 2017, ikakoma kuhudumiwa tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia tarehe 12 Januari 2021 yenyewe ikawa inakataa kucheza. Silverlight ya Microsoft ilifika mwisho tarehe 12 Oktoba 2021. Internet Explorer, ile "e" ya buluu, ilistaafu tarehe 15 Juni 2022, na Februari 2023 sasisho la Edge likaizima kwenye kompyuta nyingi za Windows 10 zilizokuwa zimebaki nayo.

Tazama hizo tarehe vizuri. Flash peke yake ilitolewa notisi ya zaidi ya miaka mitatu. Tatizo ni kwamba matangazo haya huandikwa kwa Kiingereza mahali wanaposoma mafundi, na mwenye shule ya Msakuzi hana sababu ya kupita huko. Fundi aliyelipwa kutengeneza mfumo ndiye alipaswa kumwambia, na kwa kuwa mkataba wake uliisha siku alipokabidhi, hakumwambia mtu.

Usidhani ni watu wadogo tu wanaokutwa hivi. Mamlaka ya mapato ya Afrika Kusini, SARS, ilikuwa na fomu za kodi zilizojengwa kwa Flash. Januari 2021 ilipofika, baadhi ya fomu zilikuwa bado hazijahamishwa, na taasisi ile ikalazimika kutoa kivinjari chake yenyewe, chenye Flash ndani, ili walipa kodi waweze kuzijaza. Ofisi ya serikali yenye bajeti na wataalamu imeishia kugawa kivinjari cha kuvushia watu. Wewe huna uwezo huo, kwa hiyo inabidi uanze mapema kuliko wao.

Hata simu ndogo hazikupona. Smart Kitochi za Vodacom zilizouzwa kwa bei nafuu ziliendeshwa na KaiOS, mfumo uliozaliwa kutokana na Firefox OS ambayo Mozilla yenyewe iliitelekeza. Programu za KaiOS ni kurasa za wavuti zilizofungashwa. WhatsApp ilipotangaza mwaka 2024 kwamba inaondoka humo, waliokuwa wamenunua simu ile kwa sababu ya WhatsApp walibaki na kitochi kweli.

Turudi kwenye kompyuta yako. Kabla hujampigia mtu yeyote, jua umeshika kitu gani. Fungua mfumo, utazame mahali pa kuandikia anwani juu ya kivinjari. Ukiona neno "localhost", au namba zinazoanza na 192.168, taarifa zako zimo ndani ya jengo hilo, ama kwenye mashine hiyohiyo ama kwenye nyingine iliyofichwa chini ya meza ya mhasibu. Ukiona jina lenye .co.tz au .com, zimo kwenye seva ya mtu mwingine, na swali la kwanza ni nani analipia seva hiyo kila mwaka na jina hilo limesajiliwa kwa nani. Kisha jaribu anwani hiyohiyo kwenye Chrome au Edge. Ikifunguka ila vitufe vichache havifanyi kazi, una bahati. Kukitokea kisanduku cha kijivu kinachodai programu-jalizi, hiyo ni Flash, Silverlight au Java. Kama ukibonyeza linashuka faili lenye jina linaloishia na jnlp, ni Java. Kama mfumo haukuwa na anwani kabisa, bali ulikuwa ukifunguka kwa alama iliyowekwa na Chrome, basi ulikuwa programu ya Chrome, na hapo uwe makini sana, kwa sababu nitakayoieleza.

Baadhi ya mifumo hiyo huweka taarifa ndani ya kivinjari chenyewe. Hakuna seva, hakuna kanzidata pembeni, kila kitu kimo kwenye folda ya mtumiaji wa Chrome kwenye mashine ile. Kijana wa dukani akienda kwenye mipangilio akafuta historia na "data za tovuti" ili kompyuta iwe nyepesi, amefuta daftari la biashara. Na aina mojawapo ya hifadhi hiyo, WebSQL, iliondolewa kwenye Chrome mwishoni mwa 2023, toleo la 119. Kama mfumo wako ulikataa kufunguka majira hayo na tangu hapo hujagusa kitu, usifute, usisakinishe upya Windows. Nakili folda nzima ya mtumiaji kwenye diski ya nje kwanza. Mtu anayejua anaweza kuzisoma taarifa zile kutoka kwenye faili hata kivinjari kikiwa hakizitaki tena.

Kwa mifumo mingine, kutoa taarifa ni kazi ya nusu siku ikiwa bado unaweza kuingia. Tafuta kitufe cha kutoa ripoti kwenda Eksel au CSV. Kisipokuwepo, mwambie fundi atoe nakala ya kanzidata nzima; kama ni MySQL atakupa faili moja linaloishia na sql, kama ni Access utachukua faili lenyewe la mdb. Chukua vyote viwili ukiweza. Na hata ukipata hivyo, chapa ripoti za mwisho: orodha ya wanachama na salio la kila mmoja, orodha ya madeni, hesabu ya mali iliyopo. Karatasi haina toleo jipya.

Hapa kwenye Eksel ndipo watu wanapoumia bila kujua. Namba ya simu iliyoanza na 0754 ikifunguliwa kama namba, sifuri ya mbele inadondoka. Hiyo ni ndogo, inarudishika. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na Eksel inashika tarakimu 15 tu za namba. Tano za mwisho inazigeuza kuwa sifuri. Ukiisha kuhifadhi faili hilo na kufuta la zamani, umepoteza utambulisho wa wateja wako wote kwa pigo moja, na hakuna fundi wa kuzirudisha. Tarehe nazo: kompyuta iliyopangwa kwa mtindo wa Marekani itasoma 03/07 kuwa tarehe 7 Machi wakati wewe uliandika 3 Julai, halafu 25/07 itaiacha kama maandishi kwa kuwa hakuna mwezi wa 25. Dawa ni kuingiza faili la CSV kwa njia ya kuagiza data, ukiiambia Eksel kwamba safu za simu, NIDA, TIN na namba za malipo ni maandishi, na usilifungue kwa kubofya mara mbili. Faili asili usiliguse. Fanyia kazi nakala.

Ukishazitoa, hesabu. Wanachama kwenye mfumo wa zamani ni wangapi, kwenye faili ni wangapi? Jumla ya akiba inalingana hadi shilingi ya mwisho? Chagua majina kumi ovyo, uyafuatilie moja moja. Kazi hii inachosha, na ndiyo maana inarukwa.

Taarifa zikiwa salama, sasa unaweza kupumua na kutafuta kivuko cha muda. Kwa mifumo ya Internet Explorer, Edge ina hali maalumu ya kufungua kurasa kwa mtindo wa IE, na Microsoft imeahidi kuitunza angalau hadi 2029. Ukiiwasha mwenyewe kwenye mipangilio, kila ukurasa unaouongeza unadumu siku 30 kisha unatakiwa kuongezwa tena; ndiyo sababu wengi hudhani "imeharibika tena" kila mwezi. Fundi anayejua anaweza kuandika orodha ya kudumu ya ofisi ikamaliza usumbufu huo. Kwa Flash kuna Ruffle, programu ya bure inayoiga Flash bila Flash yenyewe. Inafaa kwa katuni, masomo na michezo ya watoto, kwa hiyo shule yenye masomo ya zamani kwenye CD isiyatupe. Mfumo wa Flash uliokuwa ukizungumza na seva, ukipokea malipo na kutoa risiti, usiutegemeze hapo. Kwa faili za jnlp kuna OpenWebStart, nayo ni ya bure.

Kuna kivuko kimoja nakikataa kabisa, nacho ndicho kinachopendwa zaidi mitaani: fundi anatafuta mtandaoni "Flash Player" ya zamani kutoka tovuti asiyoijua, au anarudisha kivinjari cha miaka sita iliyopita na kuzima masasisho yote, halafu mashine hiyohiyo inatumika kuingia benki na kutuma ritani za TRA. Matoleo bandia ya Flash yamekuwa mlango wa virusi tangu Flash ikiwa hai, sembuse sasa. Kama ni lazima kompyuta ya zamani ibaki na kivinjari cha zamani, iondoe kwenye intaneti. Ifanye kazi ile moja tu. Ya benki iwe nyingine.

Na mashine yenyewe itazame. Chrome iliachana na Windows 7 baada ya toleo la 109, mwanzoni mwa 2023. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya bure tarehe 14 Oktoba 2025, isipokuwa kwa aliyejiandikisha kwenye muda wa nyongeza. Ukihamisha mfumo bila kuhamisha kompyuta, utahama tena baada ya muda mfupi.

Kujenga upya ni sehemu yenye fedha nyingi, na ushauri wangu ni kuichelewesha kidogo. Kaa na karani anayetumia mfumo kila siku, siyo na meneja. Mtazame anavyofanya kazi siku ya mwisho wa mwezi. Mara nyingi utagundua kwamba kati ya kurasa arobaini za mfumo anatumia sita, na kwamba jambo muhimu kuliko yote analifanya nje ya mfumo, kwenye daftari la kaunta, kwa sababu mfumo haukuwahi kuliweza. Fundi akinakili kurasa zote arobaini, umelipia thelathini na nne zisizotumika na daftari la kaunta limebaki palepale. Kwa biashara nyingi za ukubwa wa huku kwetu, kununua mfumo uliokwisha kutengenezwa na wenye wateja wengine kunashinda kuagiza wa kwako peke yako. Na ziko ofisi ambazo, ukizitazama kwa haki, faili la Eksel lililopangwa vizuri na kunakiliwa kila jioni linazitosha.

Ukiamua kujenga, dai kitu kinachofanya kazi kwenye kivinjari chochote cha kawaida bila kuongezewa programu-jalizi. Jaribio ni rahisi: ufunguke kwenye Chrome, Firefox na Edge, kisha kwenye simu ya bei ya chini yenye bando. Uliza pia kinachotokea intaneti ikikatika katikati ya malipo. Mfumo ulioko mtandaoni una faida kwamba diski ya ofisini ikifa haufi nayo, lakini duka la dawa haliwezi kumwambia mgonjwa asubiri mtandao urudi.

Jinsi ya kuvuka, tuna mfano mkubwa hapa nyumbani. Sekta ya afya ilipoingia kwenye DHIS2, mfumo wa kwenye kivinjari ulioasisiwa Chuo Kikuu cha Oslo na kufanyiwa kazi hapa kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, vitabu vya kumbukumbu za huduma, vile vya MTUHA, havikuondolewa kwenye zahanati. Muuguzi aliendelea kuandika kitabuni, na jumla zikaingizwa kwenye mfumo ngazi ya juu yake. Wapo wanaolalamikia kazi mara mbili, na wana haki. Lakini mtandao ulipozingua, nchi haikupoteza hesabu ya watoto waliochanjwa.

Kwa hiyo endesha wa zamani na mpya pamoja, angalau upite mwisho wa mwezi mmoja kamili, na ulinganishe majibu. Chagua majira. Shule ihame likizo ya Desemba, na kamwe isihame Januari wazazi wakiwa kwenye foleni ya ada. SACCOS isubiri hesabu za mwaka zifungwe. Duka la dawa lihame siku ya kuhesabu mali, kwa sababu siku hiyo tu ndipo kilichoko rafuni na kilichoko kwenye mfumo hufanana.

Mfumo wa zamani usiutupe baada ya kuhama. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe miaka mitano, na afisa wa kodi hatapokea jibu kwamba kivinjari kilistaafu. Fundi anaweza kuiweka kompyuta nzima ya zamani ndani ya faili moja kwa kutumia VirtualBox, ikafunguka ndani ya kompyuta mpya bila kuunganishwa na mtandao, kwa kusoma tu. Ni kazi ya siku moja na inaokoa ugomvi mwingi.

Neno juu ya flashi, zile za kubebea nakala. Katika uhamisho kama huu nakala za taarifa za watu huzagaa: moja kwa fundi, moja kwenye barua pepe ya mhasibu, moja kwenye droo. Majina, simu, NIDA, madeni, majina ya dawa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na inamhusu mwenye duka kama inavyoihusu benki. Andika nani kapewa nakala, na kazi ikiisha hakikisha imefutwa mbele yako.

Mwisho ni mkataba, na hapa ndipo mwenye biashara ana nguvu kuliko anavyodhani, mradi aitumie kabla ya kutoa malipo ya awali. Yaandikwe haya: jina la tovuti lisajiliwe kwa jina la biashara yako, neno la siri la msimamizi mkuu liwe mkononi mwako, msimbo wa programu ukabidhiwe pamoja na mfumo, na kuwe na kitufe ambacho karani anaweza kukibonyeza siku yoyote, bila kumpigia mtu, kikatoa taarifa zote kwenye faili linalofunguka kwa programu nyingine. Kibonyeze mbele ya fundi siku ya makabidhiano. Faili lisipofunguka, usisaini. Akikwambia kwamba hayo huongezwa baadaye, au kwamba msimbo ni siri ya kampuni na taarifa zako zitabaki kwake, mshukuru kwa muda wake na utafute mwingine. Mafundi wapo wengi, kuanzia Kimara hadi Kibamba.